Mara ya Kwanza Tulizika Tunda

Mwezi uliopita tulimzika mume wangu katika makaburi ya Lang'ata, asubuhi ya manyunyu, na kutoka kwao hakuja mtu hata mmoja. Walikuja mafundi wenzake wa makochi kutoka Kawangware, wengine wakiwa na vipande vya sponji bado vimewaganda kwenye suruali. Walikuja wateja wangu wa saluni. Kaka yangu Kyalo alitoka Kitui, akasimama kando yangu. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimnong'onezea mwenzake, "Mjaluo anazikwa Lang'ata? Kwani hana kwao?" Nilimsikia vizuri. Nilitaka kugeuka nimwambie kwamba anako, tena ana kaburi huko, lina msalaba na jina lake, na mimi mwenyewe nililitupia udongo kwa mkono wangu. Lakini jambo kama hilo utaanzia wapi kulieleza, na shimo liko wazi mbele yako? Tangu siku hiyo akili yangu imekataa kufikiri kitu kingine isipokuwa mwaka ule wa elfu mbili na nane, na mji mdogo wa Rangwara, ambako nilienda kutafuta habari za mume nikapewa msiba.

Tulikuwa tukiishi Lindi, Kibera, chumba kimoja cha mabati kilichopakana na kibanda cha mama muuza mandazi, kwa hiyo nguo zetu zote zilinuka mafuta. Ochieng' alikuwa fundi wa makochi kituoni Kawangware 56, na mimi nilisuka nywele vibanda vichache kutoka kwake. Hatukuwa na harusi wala cheti. Alileta sanduku lake na redio, nikaleta sufuria zangu, mambo yakaishia hapo. Mtu wa mzaha kama yule sijaona tena. Alijifunza Kikamba kwangu na kwa Kyalo, si kwamba alikihitaji, alitaka tu kuwachekesha wateja wangu. Mama wa makamo kutoka Machakos akiketi kusukwa, Ochieng' alipita na kumsalimu "Wi museo?" kwa sauti nzito ya mzee wa huko, hadi yule mama akauliza huyu ni mtoto wa nani. "Mimi ni Kyalo," alijibu. "Kyalo wa Kitui. Hunijui?" Saluni nzima ilivunjika mbavu. Mimi nilijifanya nimekasirika, lakini moyoni nilikuwa nikiringa.

Matokeo ya kura yalipotangazwa, Kibera iliwaka moto, watu wakawindana kwa kabila. Watu wameshayasema mengi kuhusu siku zile, nami sina la kuongeza isipokuwa kwamba moshi wa tairi huingia hata kwenye unga, na ugali wa unga ule haumezeki. Tulikaa ndani, tukinywa chai ya rangi kwa mandazi makavu ambayo jirani yetu aliona afadhali atugawie kuliko yaibiwe. Siku moja asubuhi kukawa kimya kidogo, na Ochieng' akavaa viatu. Alikuwa ameacha vyombo vyake vyote vya kazi Kawangware. "Si ungoje watu watulie?" nilimwambia. "Watu wakitulia, vyombo vitakuwa vimeenda," akasema. "Nitarudi tu saa hii. Weka maji ya chai." Maji yalichemka, yakakauka, nikaweka mengine. Mchana simu yake ilizimika. Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa kuuliza. Niliuliza Kawangware, nikaambiwa kibanda chake kimechomwa na yeye hakuonekana. Niliuliza hospitali, nikimtaja kwa majina yake yote matatu, na kwenye kila dirisha mtu aliyechoka alitikisa kichwa: hatuna mtu wa jina hilo. Nilienda hadi mochari, nikafunuliwa nyuso ambazo sitaziandika hapa. Niliporudi Lindi siku hiyo, ploti yetu ilikuwa majivu. Nililala kwenye mahema ya waliofukuzwa, na ndugu mdogo wa Ochieng', Otieno, akanipigia simu kutoka kwao: mama anasema uje nyumbani, mabasi yameanza kupita.

Hivyo ndivyo nilivyofika Rangwara mara ya kwanza, bila mume. Kwa miaka mitatu Ochieng' alikuwa ameniahidi kunipeleka, na alikuwa amenielezea mji ule mpaka nikauona: barabara moja ya vumbi jekundu, maduka yenye veranda upande mmoja, kinu cha kusaga upande wa pili, na juu kabisa kilima chenye mawe makubwa ambako walikuwa wakilisha mbuzi. Kila kitu kilikuwepo kama alivyosema, na hilo liliniumiza kuliko kama ningekuta vingine. Ila hakuniambia kuhusu veranda zilizojaa watu. Walikuwa wamefukuzwa Naivasha, wamefukuzwa Nairobi, wameketi juu ya magodoro yao mchana kutwa kama watu wanaongoja kuitwa. Madukani hakukuwa na sukari wala mafuta ya taa. Kwenye kinu wanawake waliacha kuongea nilipoingia, kisha wakaendelea kwa sauti ya chini, wakidhani Ochieng' hakunifundisha lugha yao. Nyakati zile mkubwa mmoja wa kwetu alikuwa amejiunga na serikali waliyoamini imewaibia kura, na kwao Wakamba wote tulikuwa tumejiunga naye. "Ndio huyu wa Ochieng'," mmoja alisema kwa Kijaluo. "Hata ng'ombe za mahari hazikuenda kwao. Huyu ni wetu ama si wetu?" Nilibeba unga wangu nikaondoka. Hata mimi nilikuwa sijui kama nilikuwa mke au mjane.

Mama mkwe wangu hakuwa na maneno hayo. Alinipokea kwa mikono miwili, akaniita Nyar Kitui, binti wa Kitui, na hajawahi kuniita jina jingine hadi leo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kutembea haraka. Simba ya Ochieng', kile kinyumba cha kijana kilicho karibu na lango, ilikuwa imefungwa kwa waya. Sikuruhusiwa kulala humo bila yeye, kwa hiyo alinilaza chumbani mwake, kitanda kwa kitanda, chini ya kalenda za miaka iliyopita. Asubuhi alinipa uji wa mtama, mchana dagaa wa omena au mboga ya mrenda inayoteleza ambayo sikujua kuila na ugali, na yeye akacheka, akanionyesha namna ya kuukata ule utelezi kwa kidole. Alinitembeza kote. Alinionyesha kijito walikochota maji, shule ambako Ochieng' aliruka dirisha akavunja mkono, na nyuma ya ua kipande cha ardhi chenye vichuguu. "Hapa ndio atajenga," aliniambia. "Jikoni itaangalia huku, upepo usikusumbue." Alisema "atajenga". Kwa wiki za kwanza alisema hivyo kila siku, nami nilimpenda kwa neno hilo moja.

Kisha akaota. Aliniamsha kabla ya mwangaza kunipa habari, akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda na kitambaa cha kichwa mkononi. Alimwona Ochieng' amesimama pale mlangoni, hasemi, mdomo umekaa vibaya, anajikunyata. "Anasikia baridi, Nyar Kitui. Anataka blanketi." Nilimwambia ni ndoto tu, sisi sote tunaota. Lakini siku ya pili akaota tena vilevile, na siku ya tatu akamwita shemeji yake, baba mdogo Ogola, aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Waliongea chini ya ukingo wa paa la jikoni, mimi nikiwa ndani napepeta mtama. Baba mdogo hakuwa mtu mkali. Alikuwa na sauti ya pole na kikohozi. Nilimsikia akisema kwamba mtoto asiye na mahali pa kulala hurudi kudai. "Hata wewe unajua. Wangapi hawajapatikana huko Nairobi? Tumngoje mpaka amalize nyumba nzima?" Nilimsikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyebeba mtungi mzito.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo labda Mkamba peke yake angeweza kulifanya. Siku iliyofuata nilikuwa uani nikianika vyombo, nikamwona Otieno anaingia langoni akisukuma baiskeli, na kwenye keria amefunga kwa mpira tunda kubwa la kijivu, refu kama mkono wa mtu mzima. Tunda lile nalijua tangu utotoni. Kwetu huitwa miatine. Bibi yangu alilikausha na kulitia kwenye mtungi ili pombe ya asali ichachuke, ile kaluvu ya wazee, na halikuingia nyumbani ila kukiwa na jambo la furaha: posa, harusi, mtu aliyerudi kutoka mbali. Nilitupa kitambaa nikamkimbilia. "Amepatikana?" nilimuuliza. "Otieno, amepatikana? Mnatengeneza pombe?" Otieno alinitazama kana kwamba nimemtukana. Nyuma yangu mama mkwe alikuwa ametoka jikoni. Alikuja akanishika mabega. "Nyar Kitui," akasema, "hilo ni yago. Mtu akikosekana, huku tunazika hilo." Na kwa sababu nilibaki nimesimama natabasamu, uso umekataa kubadilika, akarudia: "Ndio yeye. Hilo ndio Ochieng'."

Tulimzika kesho yake. Pasta wa kanisa la mama alikataa kuja. Alisema haombei matunda. Seremala wa pale sokoni alitengeneza sanduku dogo. Mama alinipa tunda lile nilishike wakati akitafuta kitu ndani ya nyumba, na lilikuwa zito, baridi, na gumu, na nilijikuta nimelilaza kwenye mkono kama unavyolaza mtoto mchanga. Alitoka na blanketi jekundu lenye mistari, jipya, alilokuwa amemwekea kwa siku ya kujenga nyumba. Akalizungushia tunda mwenyewe, taratibu, akikunja pembe kwa ndani. Wanawake walilia kilio chao chote, hawakupunguza. Hata wale wa kwenye kinu walilia na kunikumbatia, na tangu hapo nikawa mtu wao. Nilitupa udongo. Sikuamini hata kidogo, lakini pia sikuwa na nguvu ya kukataa. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu pekee anayengoja. Na nitasema kweli: baada ya pale nililala usingizi. Mama pia hakuota tena. Tulikaa hivyo, wajane wawili kwenye chumba kimoja, na udongo wa kaburi ukaanza kushikana karibu na ua wa minyaa.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha aliporudi. Ilikuwa saa za mchana. Mama alikuwa ameanika omena kwenye gunia na anawafukuza kuku, mimi nachambua mboga kando yake. Baiskeli ya boda boda ilisimama nje ya lango, akashuka mwanamume mwembamba mwenye gongo, taya limekaa upande. Nilimjua kwa mabega kabla sijamjua kwa uso. Nilisimama, mboga zikamwagika. Mama alisimama pia, na kabla sijapiga hatua alikuwa amenyoosha mikono yote miwili mbele, viganja nje, akipiga kelele ambazo bado nazisikia: "Kik idonji! Usiingie! Ochieng', usiingie!"

Ochieng' alisimama. Alidhani ni mchezo, au labda kuna mbwa. "Mama, ni mimi," akasema, na maneno yalitoka yamepondeka kwa sababu ya lile taya. Nilimpita mama nikakimbia hadi langoni, nikamshika. Alikuwa na joto. Alinuka dawa na jasho, na alikuwa mzima. Watu walianza kukusanyika. Baba mdogo Ogola akaja akikohoa, akasimama ndani ya lango, sisi tuko nje. Alilia, mzee yule, sitamwonea. "Mwanangu, tulikulilia," alisema. "Tulikuchimbia. Kaburi likifungwa halifunguliwi. Ukivuka hapa, litadai mtu wake. Utakufa kweli, ama atakufa mama yako." Ochieng' alitazama juu ya bega la mzee, ndani ya boma alilozaliwa, hadi akauona msalaba. Alisoma jina. "Kwani mlinizika na nini?" akauliza.

"Yago," mama alijibu kutoka pale alipokuwa. Hakuwa amesogea hata hatua moja. "Na blanketi. Ulikuwa unasikia baridi."

Ochieng' aliutazama tena ule msalaba. "Nilikuwa nasikia baridi kweli," akasema.

Pasta alipopata habari alikuja mbio na Biblia kwapani, akasema huo ni ushenzi, kijana aingie, yeye atamshika mkono waingie pamoja. Ochieng' alimtazama mama yake. Najua kama mama angenyamaza tu, angeingia. Lakini mama alimwambia pasta, bila hasira: "Pasta, watoto wako wote wako nyumbani. Mimi nimeshazika huyu mara moja. Siwezi kubahatisha naye." Akaingia jikoni. Baada ya muda alitoka na sahani ya ugali na kuku, akaitembeza hadi langoni, akaiweka chini kwa upande wa ndani, akarudi nyuma. Nilivuka nikaichukua. Mwanawe alikula ameketi kwenye nyasi nje ya ua, akitafuna kwa upande mmoja, na mama akamtazama akila mpaka akamaliza mifupa.

Tulipanga chumba sokoni, nyuma ya kinu, na humo alinieleza. Kawangware vijana wenye panga walimsimamisha, wakataka kujua ni mtu wa wapi. Kitambulisho alikuwa amekitupa, kwa kuwa jina lingemtaja kabila. Akawaambia kwa Kikamba, kwa ile sauti ya mzee, kwamba yeye ni Kyalo wa Kitui. Walimwamini nusu, kwa hiyo walimpiga nusu. Waliompeleka hospitali waliandikisha jina walilosikia, na yeye kwa taya lililovunjika hakuweza kuongea. Alipoweza, walikuwa wakilala wawili kitanda kimoja, blanketi moja, yeye na mtu asiyemjua ni wa upande gani, akaona afadhali abaki Kyalo. Ilikuwa hospitali ileile nilikoulizia. Nilikuwa nimesimama dirishani, ghorofa mbili chini yake, nikimtaja kwa majina yake matatu. Alipotoka alienda Lindi, akakuta majivu, na mama wa mandazi akamwambia nimeenda kwao. Basi akaja nyumbani.

Kila siku tuliyokaa pale mama alituma chakula na Otieno, na yeye mwenyewe alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, kwenye veranda za maduka, katikati ya wale watu wa magodoro. Hakuvuka. Siku ya kuondoka, Ochieng' alimpungia mkono. Yeye alijifunika uso kwa leso.

Tulirudi Kawangware kwa sababu ndiko kazi ilikokuwa, na tukaishi pale miaka hii yote, kati ya watu ambao pengine walikuwa wamempiga. Alitengeneza makochi. Mzaha haukurudi, akisikia Kikamba saluni aliondoka. Mama hakuja Nairobi na hakuongea naye tena kwa simu, maana huwezi kumsalimu mtu uliyemzika. Alinipigia mimi. Kila Jumapili aliuliza habari za kazi, za mvua, za binti yetu ambaye tulimpa jina la mama, na sikuwahi kumsikia akisema "mume wako". Nami niliweka simu mezani, sauti juu, na Ochieng' akavuta kiti karibu. Hakukohoa wala hakusogeza kikombe. Alisikiliza sauti ya mama yake mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye kazi zake. Nafikiri mama alijua. Wakati mwingine alieleza jambo kwa kirefu sana, jambo ambalo mimi halinihusu, kama vile mbuzi wa fulani walivyopotea kilimani, na nani aliwapata.

Ochieng' alipokufa, kifua tu, kwa muda mfupi, baba mdogo alikuwa ameshafariki na Otieno ndiye aliyeniambia kwamba wazee wamekaa, na haiwezekani kuchimba mahali pengine kwa jina lilelile. Sikubishana. Baada ya Lang'ata nilirudi nyumbani, nikavua viatu vyenye udongo, nikampigia mama mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumtamkia jina la mwanawe tangu siku ya lango.

"Mama," nilisema, "Ochieng' ametuacha."

Ng'ambo nilisikia kuku.

"Huyo tulimzika, Nyar Kitui," akasema. Kisha, polepole: "Lakini blanketi yake iko huku. Huko mmemfunika na nini?"

Nilitazama blanketi letu kitandani. Nilikuwa nimemvalisha suti tu.